Kumkabidhi mgonjwa kwa hospisi: nianzie wapi kuwafundisha intani?

Swali: "Mimi ni sista msimamizi wa wodi ya wanawake katika hospitali moja ya rufaa huku magharibi mwa Uganda. Wagonjwa wetu wengi wa kansa ya mlango wa kizazi hutufikia wakiwa wamechelewa, na baadhi yao ni ndugu zetu wa Kongo wanaoishi makambini. Matibabu yakifika mwisho tunawapa ruhusa na barua ya kwenda hospisi, yaani huduma ya kuwatuliza wagonjwa wasioweza kupona. Sasa wenzetu wa hospisi wananiambia barua zetu haziwasaidii, na wagonjwa wengine hawafiki kabisa. Daktari mkuu amenipa saa moja kila Alhamisi, kwa wiki sita, niwafundishe intani, yaani madaktari wapya walio mazoezini, na maafisa tabibu namna ya kukabidhi mgonjwa. Nina projekta na slaidi 40 nilizopewa kwenye semina. Nianzie wapi, na je, tutengeneze fomu mpya?"

Jibu: Sista, projekta iache kabatini. Hakuna aliyejifunza kuogelea Ziwa Albert kwa kuchorewa mawimbi ubaoni, na sijaona intani aliyejifunza kukabidhi mgonjwa kwa slaidi, hata zikiwa 40 na zenye picha.

Nikuambie ninavyoliona tatizo lenu. Anayeandika barua wodini hajawahi kuwa mtu anayeipokea. Hajawahi kufika kwenye nyumba ya matope saa kumi jioni, mkononi ana karatasi moja, kitandani yupo mama anayelia, na simu ya wodi haipokelewi. Angekuwa amefika hapo hata mara moja tu, barua yake inayofuata ingebadilika bila semina. Kwa hiyo saa zako sita zote zipange kutokea upande wa mpokeaji.

Nasema hivi kwa sababu nimeharibu mwenyewe. Nilikuwa muuguzi wa wodi miaka mingi kabla ya kwenda kusoma tiba shufaa, ile ya kutuliza maumivu na mateso ya ugonjwa usiopona. Ijumaa moja tulimpa ruhusa mama mwenye kansa ya titi iliyoingia mifupani. Maumivu yake tulikuwa tumeyatuliza vizuri kwa mofini, dawa kali ya maumivu, na mimi ndiye niliyejaza karatasi: "Mofini mililita 5 kila baada ya saa nne. Aende hospisi." Nikaona nimemaliza kazi. Sikuandika nguvu ya dawa. Wewe unajua mofini yetu ya kunywa inatofautishwa kwa rangi: ile ya kijani ina miligramu 5 katika kila mililita 5, ile nyekundu ina miligramu 50 katika mililita zizo hizo. Mama yule alikuwa kwenye nyekundu. Chupa ya wodi ilibaki wodini, kama kawaida. Muuguzi aliyempokea nyumbani Jumamosi alisoma "mililita 5", akapiga simu ambayo hakuna aliyeipokea, akafanya jambo la busara, yaani akaanza na ile isiyo kali. Mgonjwa akawa anapata sehemu moja ya kumi ya dozi yake. Usiku wa Jumamosi na wa Jumapili alilia mpaka majirani wakaja. Jumatatu muuguzi yule alinijia wodini, akaniwekea karatasi yangu mezani, akasema, "Sista, hii soma wewe." Hakuongeza neno.

Basi Alhamisi ya kwanza fanya kama yeye. Toa kwenye mafaili nakala za barua tano au sita mlizoandika karibuni, funika majina ya wagonjwa na ya waandishi, kisha umgawie kila mtu barua ambayo si yake. Waambie: wewe sasa ni muuguzi wa hospisi, umeshuka kwenye boda boda, umefika. Usiku huu utampa nini, kiasi gani, na kwa nini? Akitapika utafanya nini? Akianza kutokwa damu? Nani ndani ya nyumba hii anajua kwamba ugonjwa hauponi? Usiwasaidie. Waache watafute majibu ndani ya barua na wayakose. Dakika kumi hivi zikipita utasikia wameanza kunung'unika: "Huyu aliyeandika alikuwa anawaza nini?" Hapo hapo kila mtu atanyamaza, kwa kuwa kila mmoja anajua barua yake ipo kwenye mkono wa mwenzake. Usimtaje mtu. Aibu ya kimya inatosha, ya hadharani inawafanya waandike barua ndefu za kujikinga, na barua ndefu ni mbaya kuliko fupi.

Wakishaona pengo, wape kazi ya kuandika upya barua ileile kwa upande mmoja wa karatasi. Kwa wagonjwa wako wa mlango wa kizazi kuna mambo ambayo mpokeaji hawezi kuyakisia. La kwanza kwangu ni figo. Kansa hii ikisambaa hubana mirija inayoshusha mkojo, figo zikadhoofika, na mofini isiyotoka mwilini hujilimbikiza. Mgonjwa anaanza kusinzia, misuli inarukaruka, anaona vitu visivyokuwepo, na ndugu wanasema karogwa au dawa imemmaliza. Kama mlipima kreatinini, kile kipimo cha damu kinachoonyesha hali ya figo, andikeni namba na tarehe. Kama hamkupima, andikeni hivyo hivyo kwamba hamkupima, na kama mkojo umepungua. Muuguzi wa hospisi akijua hilo ataanza na dozi ndogo na ataachanisha saa za dozi. La pili ni damu na harufu. Mama anayenuka hufichwa chumba cha nyuma na hata shemeji zake hawaingii. Metronidazoli iliyosagwa na kunyunyizwa kwenye kidonda hupunguza harufu ile sana, ni dawa ya bei nafuu, lakini mara ngapi umeona imeandikwa kwenye ruhusa? Na kama ameshatoboka, mkojo au choo kinapitia ukeni, lisemwe kwa maneno ya wazi, maana muuguzi atakuja na vifaa vingine kabisa.

Dawa za kufungua choo nazo zinasahauliwa ajabu. Anayekunywa mofini kila siku atafunga choo, hilo halina mjadala, na bisakodili inapaswa kuondoka pamoja naye siku ileile. Wengi walioiacha mofini niliowahi kuwauliza sababu hawakuiacha kwa hofu. Waliiacha kwa sababu ya choo.

Sasa kuna kitu ambacho hakimo kwenye barua lakini ndicho kinachoziharibu, nacho ni fikra ya intani mwenyewe. Msikilize kwenye raundi. "Huyu hatuna la kumfanyia tena, mpelekeni hospisi." Akishasema hivyo, akili yake imeshatoka kwenye kitanda kile, inamfikiria mgonjwa wa kitanda kinachofuata, na barua anaiandika kwa mkono wa kushoto. Usimhubirie. Muulize tu, mbele ya wenzake: "Maumivu yake leo ni vidole vingapi?" Ule mkono wetu wa vidole, ngumi maana yake hakuna maumivu, vitano maana yake yamezidi, mgonjwa yeyote anauelewa hata kama hajui kusoma. Kama intani hajui jibu, basi bado ana la kumfanyia, na alifanye kabla mgonjwa hajatoka.

Fikra ya pili ni ya cheo, na hii husemwa kwa sauti ya chini. Daktari anaona kumkabidhi mgonjwa kwa muuguzi ni kumshusha. Wakumbushe walipo. Mwaka 2004 Uganda ilibadilisha kanuni zake, ikawa nchi ya kwanza duniani kuwaruhusu wauguzi na maafisa tabibu waliosomea tiba shufaa waandike mofini. Kabla ya hapo, mtu wa kijijini ambaye hakuwa na daktari karibu alikufa na maumivu yake. Muuguzi anayempokea mgonjwa wako alisoma kozi ya miezi tisa kwa ajili ya jambo hili hili, na huenda ameandika mofini mara nyingi kuliko intani na daktari wake mkuu wakijumlishwa. Nilipokuwa mwanafunzi nilimwona daktari bingwa akimwambia muuguzi kwenye simu, "Wewe unaonaje tufanye?" Nadhani nilijifunza zaidi pale kuliko kwenye kipindi chochote.

Halafu hakikisha wanajua hospisi ni nini, maana utashangaa. Wengi wanadhani ni jengo lenye vitanda, mahali pa kupeleka watu wakafie. Wanamwambia mgonjwa hivyo, naye anakimbia. Ndiyo maana wengine wako hawafiki! Marehemu Dkt. Anne Merriman alipoanzisha Hospice Africa Uganda mwaka 1993 jijini Kampala, aliijenga juu ya wazo la kumfuata mgonjwa nyumbani kwake, na vituo vya Mbarara na Hoima vilivyofuata mwaka 1998 viliendeleza mtindo huo. Hakuna kuhama kwenda mahali pa kufia. Kuna watu wanaokuja kwako na dawa. Mofini ya kunywa serikali inaitoa bure, na ndugu waambiwe hilo mapema, kwa sababu familia iliyouza mbuzi wa mwisho kulipia safari za Mulago, hospitali kuu ya rufaa kule Kampala, ikisikia neno jipya inasikia bili mpya.

Mazungumzo na mgonjwa na jamaa zake yanastahili Alhamisi mbili. Slaidi zako bila shaka zina zile hatua sita za kutoa habari nzito zilizochapishwa mwaka 2000 na kina Baile na Buckman, zinazoitwa SPIKES. Hatua ni nzuri, sizikatai. Ila kwenye wodi zetu inayorukwa karibu kila mara ni ya pili: kumuuliza mgonjwa anajua nini kabla ya kumwambia lolote. Wawekeze huko. Waigize wawili wawili, mmoja awe mama, mwingine daktari, na daktari akatazwe kusema chochote cha kitabibu kwa dakika tatu za mwanzo. Aulize tu. "Mama, wewe mwenyewe unauelewaje ugonjwa huu?" "Walikuambia nini kule ulikotoka?" Dakika tatu za kuuliza zitawatoa jasho.

Na kwa kuwa una wagonjwa kutoka Kongo, tenga muda wa lugha. Intani wengi wametoka kwenye Luganda au Lunyoro, Kiswahili chao ni cha sokoni, na mgonjwa wa kutoka Ituri, mashariki mwa Kongo, ana Kiswahili cha kwao. Mfano ninaopenda kuwapa: mama anasema, "Nilienda kwa munganga, akanipa dawa." Intani anaandika kwenye faili: alitumia mitishamba. Kumbe kwa Wakongo munganga ni daktari wa hospitali, na mama huyu alikuwa ameshapata matibabu kwenye mji wa Bunia kule Ituri, ambayo ulihitaji kuyajua. Neno moja limefuta nusu ya historia yake. Wafundishe kuuliza, "Munganga wa hospitali au wa miti?" Wafundishe pia maneno ya maumivu, kwa kuwa yana faida ya kitabibu: anayesema yanachoma kama moto, yanapita kama umeme, mguu una ganzi, huyo huenda ana maumivu ya mishipa ya fahamu, na mofini peke yake inaweza isimtoshe. Anayesema yanadunda au yanabana anaelezea kitu kingine. Andika kwenye barua neno alilotumia yeye. Na jambo moja ambalo silivumilii: msimtumie mtoto wa miaka kumi na mbili kumtafsiria mama yake kwamba ugonjwa hauponi. Nimeliona likifanyika. Tafuteni mtu mzima, hata mfagizi wa wodi mwenye busara, kwa ruhusa ya mgonjwa.

Anayemuuguza nyumbani, yule Waganda wanamwita omujjanjabi, awepo kwenye mazungumzo haya, na asiwe msikilizaji tu. Mpe kifuniko cha dawa au sirinji isiyo na sindano, mpe maji, mwambie akupimie dozi ya saa nne usiku. Akipima, umekabidhi. Akikuangalia tu na kuitikia "ndiyo daktari", bado. Hapo hata intani mwenye haraka anaelewa, kwa sababu anaona kwa macho maji yakizidi mstari.

Upande wa simu, nina msimamo mkali: hakuna ruhusa ya hospisi bila simu, na simu haijaisha mpaka mpokeaji arudie kwa maneno yake alichosikia. Hili halijatoka kichwani mwangu. Kuna mpango wa makabidhiano unaoitwa I-PASS uliojaribiwa kwenye hospitali 9 za Marekani na Kanada, kwenye wodi za watoto, matokeo yakachapishwa mwaka 2014: makosa ya kitabibu yalipungua kwa asilimia 23. Ulikuwa wa madaktari kupokezana zamu, haukuhusu hospisi, kwa hiyo usiunakili mzima mzima. Mimi nimechukua herufi zake mbili za mwisho. Moja inamlazimu anayekabidhi aseme nini kinaweza kuharibika na kifanyike nini kikiharibika. Nyingine inamlazimu anayepokea arudie. Kwenye darasa, mkalishe mtu wa hospisi upande mmoja wa pazia na intani upande mwingine, ili wasionane kama ilivyo kwenye simu. Utacheka, lakini pazia linafundisha. Intani anayetegemea mikono na uso kuelezea anakwama kabisa.

Simu ipigwe saa ngapi? Kabla ya saa sita mchana, na Ijumaa ikiwezekana asiruhusiwe mtu. Ikibidi aruhusiwe Ijumaa, aondoke na mofini ya kumfikisha Jumanne. Hapa mtagombana na famasia. Gombaneni, lakini nenda wewe mwenyewe mapema ukaongee nao, usimwachie intani ambaye hata jina la mfamasia halijui.

Muda wa kuanza kumtaja mgonjwa kwa hospisi nao huulizwa sana. Mimi natumia swali la zamani: je, nitashangaa huyu akifariki ndani ya mwaka mmoja? Kama sitashangaa, hospisi wajulishwe, hata kama bado anangoja mionzi ya Mulago. Anaweza kuwa na vyote viwili.

Alhamisi unayopaswa kuipigania kuliko zote ni ya tano. Saa moja haitoshi, omba nusu siku. Wagawe wawili wawili, waende na timu ya hospisi kwenye ziara ya nyumbani, ikiwezekana kwa mgonjwa waliyemtoa wao wenyewe. Wakiwa huko wasiguse kitu mpaka waambiwe. Wabebe mkoba. Waone chupa ya mofini inakaa wapi, juu ya kabati au chini ya kitanda ambako watoto wanafika. Waone choo kiko umbali gani, nani analala naye chumbani, na ile karatasi yao ya ruhusa iko wapi. Mara nyingi imekunjwa ndani ya Biblia au mfuko wa plastiki pamoja na kadi za chanjo, imetunzwa kuliko cheti cha ndoa. Nilimwona intani mmoja akiisoma karatasi yake pale mkekani, mwandiko wake mwenyewe, akauliza muuguzi, "Hapa niliandika nini?" Tukirudi kwenye gari alikuwa kimya njia nzima. Barua zake baada ya hapo nilizitumia kufundishia.

Ya sita rudia zoezi la kwanza kwa barua mpya. Hutahitaji mtihani. Mwalike muuguzi wa hospisi azisome kwa sauti, aseme anaweza kufanya nini usiku ule na asichoweza. Yeye ndiye mtahini.

Kuhusu fomu, ulitaka kujua kama mtengeneze mpya. Tengenezeni, lakini baada ya wiki sita, na waitengeneze wao. Upande mmoja tu. Mimi ningetaka nafasi kubwa kwa dawa, pakiwa na rangi, nguvu na saa ya dozi ya mwisho aliyopewa wodini. Nafasi ya alichoambiwa mgonjwa na alichoambiwa mume, kwa sababu mara nyingi ni vitu viwili tofauti na muuguzi asipojua ataingia katikati ya ndoa ya watu. Na namba mbili za simu, ya pili iwe ya jirani, maana ya kwanza huwa haina chaji. Maelekezo ya nyumba yaandikwe kama watu wanavyoelekezana: baada ya kanisa, mti wa mwembe, kwa mama anayeuza mkaa. Ukiandika jina la kata na kijiji tu, boda boda atazunguka mpaka giza.

Weka pia daftari la siku ya tatu. Aliyemtoa mgonjwa apige simu nyumbani siku ya tatu, aulize vidole vingapi, choo, na kama hospisi wamefika, kisha aandike. Salio la simu hiyo litoke kwenye fungu la wodi, lisitoke mfukoni mwa intani, la sivyo daftari litakufa wiki ya pili. Siku nyingine ataambiwa mgonjwa ameshafariki. Asikimbilie kukata simu. Atoe pole, asikilize, aulize alipumzika vipi, na akimaliza umpe dakika chache akae kwenye ofisi yako kabla hajarudi wodini.

Na Alhamisi hizo chai iwepo. Intani aliyetoka zamu ya usiku hasikii kitu bila chai ya maziwa na chapati.